Kulthum Sele na Taa za Lori la Mawe

Kwenye uwanja wa magereji wa Thika, upande wa Majengo, kulikuwa na mafundi wa injini kama ishirini hivi, lakini fundi wa waya aliyetafutwa kwa jina alikuwa mmoja tu. Huyo alikuwa Kulthum Sele. Mwaka 1996 alikuwa na miaka thelathini na minane, mama wa binti mmoja aitwaye Muna. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu la betri iliyomlipukia akiwa msichana. Alivaa ovaroli ya kijani juu ya gauni, kitambaa kichwani, na gambuti za shamba miguuni. Wenye magari waliokuja kwake mara ya kwanza walimpita wakauliza, "Fundi yuko wapi?" Aliwaacha wazunguke uwanja mzima, na waliporudi aliwaambia, "Umeshamtafuta. Sasa leta ufunguo."

Kazi ile alifundishwa na babake, mzee Sele, aliyetengeneza umeme wa matrekta kwenye mashamba ya mananasi kabla ya kufungua gereji yake. Mzee alikuwa na wavulana wawili waliochukia grisi na binti mmoja aliyeipenda. Kulthum alipomaliza shule alijaribu kujiunga na chuo kimoja cha ufundi, akaambiwa nafasi za wasichana ziko kwenye ushonaji. Alirudi nyumbani siku hiyo hiyo, akaingia chini ya trekta, akamwambia babake waendelee. Mzee alimfundisha kutumia testa, ile balbu ndogo yenye waya mbili, moja na ncha kali, ambayo huwaka ukigusa mahali penye umeme. Tena alimfundisha kwamba gari haliguswi kabla ya dereva wake kuulizwa. "Dereva hujua ugonjwa," mzee alizoea kusema. "Shida ni kwamba hajui kama anaujua."

Asubuhi moja ya mwezi wa tano mwanamke alisimama mbele ya meza yake ya kazi akiwa ameloa mvua.

"Wewe ndiye Mama Muna wa taa?"

"Ni mimi. Habari yako?"

"Si mzuri. Naitwa Wakonyo, natoka Kiuu. Bwanangu ni Mulei, alikuwa dereva wa Mukonyo."

Kulthum alivuta kiti akampa. Habari za Mulei zilikuwa zimefika Thika tangu Aprili. Mulei aliendesha lori la Mukonyo, mfanyabiashara wa mawe ya kujengea, kutoka machimbo ya upande wa Theta hadi Ruiru. Jioni moja ya mvua, giza likianza kuingia, magari yalipunguza mwendo karibu na Ruiru. Mulei akakanyaga breki. Pikapu iliyokuwa nyuma ikamgonga, na mwenye pikapu, mwalimu mmoja anayeitwa Chege, akavunjika mfupa wa paja. Watu wawili walioona walisema nyuma ya lori kulikuwa giza tupu, hakuna taa hata moja.

Mawe yalishushwa ili lori livutwe hadi kituo cha polisi. Siku tatu baadaye mkaguzi wa magari alikuja, akawasha swichi, na taa zote za nyuma zikawaka vizuri. Alizijaribu mara mbili, akaandika kwamba taa ni nzima. Kutoka hapo hesabu ilikuwa rahisi kwa kila mtu. Kama taa ni nzima na siku ile hazikuwaka, basi dereva hakuziwasha. Mukonyo alisema vivyo hivyo, akamfuta Mulei kazi, na Mulei akashtakiwa kwa kuendesha gari kwa njia ya hatari.

"Yeye anasema aliwasha," Wakonyo akasema. "Na mimi namjua. Mulei akidanganya huwa anajikuna shingo. Hii maneno amesema mara mia na hajajikuna."

"Kwa nini umekuja kwangu?"

"Fundi wengine wamesema hawawezi kusimama na Mukonyo. Wakasema kama kuna mtu mkaidi Thika, ni wewe."

Kulthum alicheka kidogo. "Mwambie aje mwenyewe kesho. Sitaki kusimuliwa."

Mulei alikuja kesho yake, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, akakaa kama mtu aliye kwa daktari. Kulthum alimuuliza kama taa za nyuma zilikuwa zimewahi kumsumbua kabla ya ile ajali.

"Sikuwa nikiziona, si ziko nyuma? Lakini kuna siku watu walikuwa wananipigia honi."

"Ukienda Ruiru ama ukirudi?"

"Nikienda. Nikirudi, hakuna mtu alinipigia."

"Ukienda una mawe."

"Nina mawe."

"Ukirudi?"

"Gari ni tupu."

"Ulishawahi kushuka ukaangalia?"

"Mara moja, pale Juja. Nikakuta zimezima. Nikagonga bodi na ngumi, zikawaka. Nikamwambia Mukonyo, akasema atamwambia fundi wake."

"Na hili lori, lilifanyiwa kazi gani mwaka huu?"

"Januari lilirefushwa chasisi, libebe mawe mengi."

Kulthum hakuuliza tena. Siku hiyo mchana alifunga vifaa vyake, akaenda kituo cha polisi, akamwomba afande wa zamu amruhusu kuliona lile lori. Afande alimtazama kuanzia kitambaa hadi gambuti. Alimwambia gari ni kielelezo cha mahakama, anaweza kuangalia lakini asiguse hata nati. Kulthum alikubali. Alitandika gunia kwenye matope, akalala chali chini ya lori na tochi yake, akakaa huko karibu nusu saa.

Alichokiona kilikuwa kitu kidogo. Taa ya gari hupokea umeme kwa waya mmoja na kuurudisha kwa mwingine, na huo wa kurudisha hufungwa kwenye chuma cha gari kwa bolti. Bila njia ya kurudi, taa haiwaki hata betri iwe mpya. Chasisi, yaani fremu ya chini ya lori, ilipoongezwa urefu, waya wa kurudisha wa taa za nyuma ulikuwa umebaki mfupi. Badala ya kuweka mwingine, fundi alikuwa ameuunga kwa kipande kidogo, akauvuta pembeni mwa springi hadi ukakaza kama kamba ya kuanikia nguo, kisha akaubana chini ya bolti juu ya chuma kilichokwisha kupakwa rangi. Rangi haipitishi umeme. Waya ule uligusa chuma mahali pamoja tu, palipokwaruzika, upana wa ukucha. Lori likiwa tupu, pale palishika. Mawe yakijaa na springi zikilala, waya ungevutwa na ukucha ule ungeachia.

Kisha akaangalia kile kiungo cha waya, na hapo moyo wake ukawa mzito. Kilisokotwa mara tatu kuelekea kushoto, mkia ukarudishwa nyuma na kulazwa. Mzee Sele ndiye aliyekuwa akiunga waya hivyo. Aliwafundisha watu wawili tu, binti yake na Zacharia.

Zacharia alikuja mwenyewe asubuhi iliyofuata, maana uwanjani habari hazikai. Walikuwa wamekua pamoja chini ya matrekta. Sasa alikuwa fundi wa Mukonyo. Hakukaa chini.

"Kulthum, nasikia ulilala chini ya ile lori."

"Nililala."

"Uliona nini?"

"Niliona mkono wako."

Zacharia alitazama kando. "Niliomba waya mpya. Mukonyo akasema lori lazima litoke leo, unga ule wa zamani. Nilimwambia nitarudia kazi Jumamosi. Jumamosi lori lilikuwa safarini."

"Basi njoo useme hivyo kortini."

"Siwezi. Nina watoto wanne, unawajua kwa majina."

"Mulei pia ana watoto, na yeye ndiye wanataka kumfunga."

"Wewe ungefanya nini?"

"Singebana waya juu ya rangi, Zacharia. Hiyo unaijua." Akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Jina lako sitalitaja kama hawataniuliza. Wakiniuliza, nitasema kweli. Usije kuniomba mara ya pili."

Zacharia aliondoka bila kuaga. Mchana wa siku hiyo gari jeupe liliingia uwanjani, na Mukonyo akateremka. Alikuwa mtu mnene wa kuongea taratibu, aliyezoea watu wakae kimya anapoongea. Mwenyekiti wa uwanja alimfuata nyuma akishika kofia mkononi.

"Mama, kazi yako ni taa," Mukonyo alisema. "Mambo ya korti wachia wenyewe."

"Hii kesi ni ya taa, mzee."

"Umesahau huu uwanja una wenyewe?"

"Sijasahau. Mimi ni mmoja wao. Babangu alikuwa hapa wakati hapa ni majani." Aliendelea kuchubua waya kwa kisu bila kuinua kichwa. "Kama lori lako ni zima, maneno yangu yatakudhuru nini? Wacha niongee nijiaibishe."

Mafundi wa karibu waliacha kugonga vyuma. Mukonyo alingoja ainuliwe macho. Hakuinuliwa, akarudi garini.

Siku ya kesi Kulthum alivaa ovaroli yake, iliyofuliwa na kupigwa pasi. Muna alimsihi avae gauni la Idi. Alimjibu kwamba haendi harusini, anaenda kuulizwa habari za kazi, na kazi ina nguo zake. Mulei hakuwa na wakili. Alisimama peke yake na kumwita Kulthum kama shahidi wake. Mukonyo alikaa safu ya mbele na wakili wake pembeni. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alikaa Zacharia.

Kulthum alieleza yale aliyoyaona. Kiongozi wa mashtaka aliinuka akiwa na karatasi za mkaguzi mkononi.

"Shahidi, una cheti cha ufundi wa umeme?"

"Sina."

"Ulisomea chuo gani?"

"Nilisomea chini ya magari."

Watu wakacheka. Kulthum aliwangoja wamalize.

"Kwa hivyo," yule akaendelea, "mkaguzi aliyehitimu anasema taa ni nzima, na wewe usiye na cheti unataka mahakama ikuamini wewe."

"Sitaki iniamini. Nataka iangalie. Mkaguzi hakusema uongo, taa zinawaka. Alizijaribu lori likiwa tupu. Mwalimu Chege hakugonga lori tupu."

"Unapendekeza tufanye nini?"

"Lijazwe mawe."

Wakati huu kicheko kilikuwa kikubwa zaidi, na hata wakili wa Mukonyo alifunika mdomo. Hakimu, mzee mwembamba ambaye alikuwa hajasema neno, aliweka kalamu chini akawauliza waliokuwa wanacheka ni kipi kinachochekesha. Akamgeukia Kulthum.

"Mawe yatatoka wapi?"

"Mheshimiwa, hilo sijui. Ninachojua ni kwamba bila mawe tutabishana hapa hadi mwaka uishe."

Hakimu aliamuru lori liletwe uani kwa mahakama Ijumaa saa nne asubuhi, likiwa chini ya ulinzi, bila kuguswa na fundi yeyote. Kuhusu mawe alisema upande wa utetezi utafute wenyewe.

Mawe yalikuja. Wakonyo alikuwa amepanda hadi machimboni akaongea na wapakiaji waliofanya kazi na mumewe miaka sita. Ijumaa ile walifika kumi na wawili kwenye lori la mtu mwingine lililojaa mawe, nyusi zao zimejaa vumbi jeupe, wakasimama mstari bila kungoja kuambiwa. Swichi ya taa iliwashwa, na taa za nyuma zikawaka nyekundu mchana kweupe. Hakimu alisimama kwenye ngazi. Wapakiaji wakaanza kurushiana mawe mkono kwa mkono, karani akihesabu.

Yalipofika mia moja, taa zilikuwa zinawaka. Mia moja na hamsini, bado zinawaka. Springi zilianza kulala, lori likashuka taratibu kwenye magurudumu. Mia mbili. Kiongozi wa mashtaka alitazama saa yake. Jiwe la mwisho, la mia mbili na arobaini, lilipandishwa, na taa za lori la Mukonyo zilikuwa zinawaka kama za gari lililotoka dukani.

Mulei alifunika uso kwa viganja. Mukonyo alisema kwa sauti ya kutosha kusikika, "Sasa tumepoteza siku ya watu."

Kwa muda mfupi Kulthum alijiuliza kama tochi yake ilimdanganya, kama alitaka sana kuona kitu hadi akakiona. Lakini alikuwa ameuona waya ule. Akakumbuka pia alichosema Mulei, kwamba kule Juja aligonga bodi kwa ngumi.

"Mheshimiwa, ile siku lori halikuwa limesimama," akasema. "Lilitoka machimboni likapita barabara mbovu. Naomba litembee."

"Nilidhani ulisema mawe," kiongozi wa mashtaka akasema.

"Nilisema mawe, na sasa nasema litembee. Ukiwa na haraka, nenda. Mimi sina."

Hakimu aliinua mkono. Polisi mmoja alipanda, akawasha injini, akaendesha polepole kuelekea langoni, ambapo mtaro wa maji ulikatiza njia. Magurudumu ya mbele yalivuka. Ya nyuma yakaanguka kwenye mtaro, lori likatikisika, mawe yakagongana, na taa zote za nyuma zikazima.

Polisi alisimamisha lori, na taa zikabaki zimezima. Hakimu aliteremka ngazi, akatembea hadi nyuma ya lori, akainama.

"Nionyeshe," akasema.

Kulthum aliingia chini akiwa na testa. Aliigusisha kwenye waya unaopeleka umeme, balbu ikawaka, ili waone kwamba umeme unafika. Kisha akabana ule waya wa kurudisha kwenye chuma kwa kidole gumba. Taa zikawaka. Akaachia, zikazima. Akabana tena. Alifanya hivyo mara nne, hadi kiongozi wa mashtaka mwenyewe akapiga magoti kwenye changarawe na suti yake ili aone.

"Nani alifunga waya huu?" hakimu aliuliza.

Kulthum alitoka chini, akajipangusa mikono. Alitazama nyuma ya watu. Zacharia alikuwa amesimama kando ya lango.

"Ulifungwa na Zacharia, fundi wa Mukonyo," alisema. "Ni fundi mzuri, tulifundishwa na mtu mmoja. Aliniambia aliomba waya mpya akanyimwa. Mwenye kumnyima yuko hapa, muulizeni."

Wiki mbili baadaye Mulei aliachiliwa, na mwenye lori akaitwa kujibu mashtaka yake mwenyewe. Kesi hiyo ilijikokota, na mwisho wake haukumfurahisha mtu. Lakini leseni ya Mulei ilirudi mkononi mwake, naye akapata kazi ya kuendesha lori la mtu mwingine.

Kulthum hakuachwa hivi hivi. Jumatatu moja alifika uwanjani akakuta kontena la chuma limewekwa mahali pake pa kazi. Mwenyekiti alisema ni amri kutoka juu, akamshauri atafute mahali Ruiru. Kulthum alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akafungua meza yake kwenye njia, mbele kabisa ya mlango wa kontena, akaketi.

"Mama Muna, hapa ni njia."

"Naona. Magari yatapita wapi sasa?"

Alikaa hapo majuma matano, jua na mvua. Madereva wa malori ya mawe waliposikia, walianza kuja kukaguliwa taa, wawili, watatu kwa siku, na waliegesha malori yao kulizunguka lile kontena hata mlango wake usiweze kufunguka. Waliulizwa kwa nini wasiegeshe kwingine, wakasema wanamngoja fundi. Juma la sita kontena lilibebwa usiku, na hakuna aliyekuja kueleza. Kulthum alirudisha meza yake pale pale, akafagia, akaendelea.

Zacharia alikuwa amefutwa kazi siku ile ile ya mawe. Kwa miezi mitatu hakupita uwanjani. Alipokuja alikuwa amekonda, na alisimama mbali kidogo na meza.

"Ulinitaja," akasema.

"Niliulizwa."

"Najua. Nimekuja kuomba kazi."

Kulthum aliendelea na fyuzi aliyokuwa anaibadilisha. "Ulishaenda kumwona Mwalimu Chege?"

"Nitamwambia nini?"

"Mwambie ulichofanya na ulichoambiwa ufanye. Ukimaliza, urudi hapa."

Zacharia alikwenda Ruiru Jumapili baada ya kanisa. Jumatatu alirudi akasimulia. Mwalimu alimkaribisha ndani akitembea kwa fimbo, akamsikiliza bila kumkatiza, akampa chai. Kisha akamwambia kwamba anashukuru kuambiwa, lakini hajamsamehe, na hajui kama atamsamehe, kwa sababu mguu unamuuma kila asubuhi.

"Nimeenda bure," Zacharia akasema.

"Hujaenda bure. Mguu ni wake, na kusamehe ni kwake." Kulthum alimsukumia testa na kuonyesha basi la shule lililoegeshwa kivulini. "Indiketa yake ya kushoto haifanyi kazi. Anza kwa kumuuliza dereva."